Aliyeikata Bandari Yetu

Sehemu ya Tisa

Mkono ule uliotua begani kwa Lorna Beal ulikuwa mzito, na ulinuka chambo cha samaki. Wiki nzima, msomaji, umejiuliza ni wa nani.

Ulikuwa wa Everett, mdogo wake.

"Unataka kuniua kwa mshtuko, mjinga wewe?" Lorna alifoka. "Nusura nikupasue na hii lenzi!"

"Nimeita tangu mlangoni. Mbona umesimama kama mtu aliyeona maiti?"

Lorna alisogea pembeni, Everett akajionea mwenyewe.

Mezani, katika chumba cha ramani cha maktaba ya mji wa Port Amory, jimboni Maine, kilikuwa kimefunguliwa kile kitabu kikubwa cha ramani za bahari ambacho Waingereza walikichapa Marekani ilipokuwa bado inapigania kuwa nchi. Bandari zote zenye ngome zilikuwemo: Boston, Newport, Charleston, kila mzinga umechorwa mahali pake, kila kina cha maji kimeandikwa. Na Port Amory ilikuwemo pia.

Ilikuwemo. Sasa kwenye mshono wa kitabu ulibaki ukingo mwembamba tu wa karatasi, uliochanjwa kwa wembe, nadhifu kama nyama ya buchani.

"Iko wapi?" Everett aliuliza kwa sauti ya chini.

"Imeibwa."

"Leo? Siku ya kikao?"

"Unadhani nimechagua siku mimi?"

Everett alivua kofia akaibamiza chini. Alikuwa na haki. Miezi kumi ya ugomvi na tajiri Whitlock Sears, aliyenunua rasi yote iliyo chini ya ngome ya zamani na kuziba kwa geti la chuma njia ya kwenda dikoni, pale wavuvi wanapopandishia boti, ilikuwa inaishia mchana ule mbele ya baraza la mji. Wavuvi wa kambakoche walisema njia ile ni ya watu wote tangu enzi za babu wa babu zao. Sears alisema ni ua wa nyumba yake. Na kitu kimoja tu duniani kilionyesha nani msema kweli, nacho kilikuwa ni ukurasa ule.

Picha ya simu ilikuwepo, ndiyo, aliyoipiga Everett, yenye ukungu kama ya mlevi. Wakili wa Sears alikuwa ameicheka kikao kilichopita. Leteni ramani yenyewe, alisema.

"Nani alikitumia kitabu hiki mara ya mwisho?" Everett aliuliza.

Lorna alijua. Alijua tangu alipouona ule ukingo, na uso ulikuwa ukimwaka kwa aibu.

"Prentiss."

"Yule mfanyabiashara wa ramani kutoka Boston? Wa mashati ya kupigwa pasi? Yule uliyemkaribisha nyumbani?"

"Alisema anaandika kitabu kuhusu ngome za pwani."

"Ulimpikia supu ya chaza ya Mama!" Everett alipiga kelele hadi dirisha likatetemeka. "Ile ambayo hata mimi napewa Krismasi tu! Ukamwacha peke yake na kitabu, eti mgeni wa heshima!"

"Nilitoka kidogo kupokea simu."

"Simu! Au umemuuzia, dada? Sema. Maana hapa mjini wameshaanza kusema kwamba mtunza ramani wetu siku hizi anavaa hereni kumfurahisha mtu wa Boston."

Kofi lilimpata kabla hajafunga mdomo. Lilisikika kama mlango unaobamizwa na upepo.

Walitazamana. Everett alishika shavu lake, akainama, akaokota kofia.

"Sawa," alisema. "Wewe kamtafute bwana wako. Mimi nina pikapu na nina mnyororo. Nalifuata lile geti."

"Everett! Ukilivunja leo kabla ya kikao, umempa Sears kesi yote!"

Alikuwa ameshatoka.

Lorna alikifungia kitabu kabatini, akavua hereni zote mbili, akazitupa ndani ya debe la taka. Kisha akateremka mtaa wa bandarini akikimbia, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu mwenye viatu vya maktaba, na watu waliokuwa wakinywa kahawa nje ya duka la mikate waligeuza shingo alipopita.

Julian Prentiss alikuwa nje ya nyumba ya wageni ya Thelma Crowley, ukingoni kabisa mwa gati. Alikuwa anapakia mizigo garini. Alikuwa anapiga mluzi.

"Habari za asubuhi, mwizi," Lorna alisema.

Mluzi ulikatika. Prentiss aligeuka akiwa na tabasamu lake lile lile, la mtu aliyezoea kusamehewa.

"Lorna! Nilikuwa napita kukuaga."

"Nipe ramani yangu."

"Ramani ipi, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi. Umekata ukurasa wa bandari yetu kwa wembe, baada ya kula mezani kwangu. Fungua hilo bomba."

Kwapani Prentiss alibana bomba refu la ngozi, la kubebea karatasi. Alilibana zaidi.

"Lorna, ramani kama zile zilichapwa nyingi. Ukiikuta moja kwangu haina maana kwamba ni yako. Tuzungumze kama watu wazima, sio kama wauza samaki."

Ah. Hapo alikosea sana. Baba yake Lorna alikuwa muuza samaki.

Funguo za gari zilikuwa zimelala juu ya boneti. Lorna alizichukua, akazipima uzito mkononi, akazirusha. Zilipita juu ya gati zikimetameta, juu ya boti mbili na rundo la madema ya kutegea kambakoche, zikazama kwenye maji ya bandari.

"Wewe ni mwendawazimu!" Prentiss alipiga ukelele.

"Bado. Ndiyo kwanza naanza."

Mlango ulifunguliwa, Thelma akatokea na aproni yake yenye unga. Thelma ni mwanamke mpana, tena mwenye furaha ya kuwa mpana. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Shoga, huyu kafanya nini?"

"Kaiba ramani ya diko."

Thelma hakuuliza la pili. Mumewe na wanawe wawili walivua kutoka diko lile lile hadi geti lilipowekwa. Alikwenda nyuma ya Prentiss, akamshika kola kwa mkono mmoja, kwa ule mwingine akalichomoa bomba kama mtu anayemnyang'anya mtoto peremende.

Lorna alilifungua. Karatasi zilitoka zikiwa zimeviringwa, nene, ngumu, zenye rangi ya chai. Alizitandaza juu ya boneti. Newport na ngome zake. Charleston, na mizinga imeelekezwa mlangoni mwa bandari. Boston. Kila moja ilikuwa na sehemu ya kona iliyokwaruzwa, pale ambapo mhuri wa maktaba fulani ulikuwepo hadi juzi.

Port Amory haikuwemo.

Lorna alizipekua tena, akageuza upande wa nyuma, akatikisa bomba tupu.

"Uliipeleka wapi?"

Prentiss alitazama zile karatasi, akatazama barabarani ambako Thelma alikuwa ameshaanza kuzungumza na polisi kwa simu. Uso wake ulibadilika. Tabasamu lilimtoka, na chini yake alikuwepo mtu mdogo tu, mwenye woga.

"Sikuitaka mimi," alisema haraka haraka. "Kila kitu ni Sears. Alinunua kwangu ramani ya bandari hii hii, lakini ya chapa ya baadaye. Unajua tofauti yake, Lorna. Wewe ndiye uliyenieleza mezani kwako."

Ndiyo, alimweleza. Alimweleza kwa furaha, glasi mkononi. Kwamba ramani hizi zilichongwa kwenye bamba la shaba, na ngome ilipopanuliwa, fundi alikwangua njia ya dikoni kwenye bamba, akachonga ukuta mahali pake, wakaendelea kuchapa. Kwa hiyo chapa ya kwanza ina njia, zilizofuata hazina. Na nakala ya chapa ya kwanza inayojulikana ilikuwa moja tu, ile ya maktaba.

"Akasema," Prentiss aliendelea, "ya kwake itakuwa nzuri zaidi ikibaki peke yake."

"Na yangu?"

"Nilimpelekea leo asubuhi. Lorna, sikujua atafanya nini nayo. Nakuapia."

"Thelma," Lorna alisema, bila kumtazama tena, "asitoke hapa."

"Atoke aende wapi, na funguo wanazichezea kaa?" Thelma alimketisha Prentiss kwenye ngazi, naye akaketi kando yake, akimbana ukutani. "Tulia, baba. Ukitingishika nakukalia."

Lorna hakuwa na gari. Alipanda mlima wa rasi kwa miguu, akikata katikati ya vichaka, na kila hatua alikuwa akimlaani Sears, akimlaani Prentiss, na zaidi ya wote akijilaani yeye mwenyewe na supu yake.

Getini palikuwa pamechafuka. Pikapu ya Everett ilikuwa inanguruma, mnyororo umefungwa nyuma yake na kwenye nguzo ya geti. Ng'ambo ya vyuma alisimama Whitlock Sears, fulana nyeupe, miwani ya jua, simu imeinuliwa anapiga picha.

"Vuta," Sears alikuwa akisema kwa upole. "Vuta, bwana mvuvi. Naomba uvute. Baraza litapenda sana kuiona hii."

"Toka huko nyuma ya vyuma ukaniambie hapa, mwanamume mzima!"

"Nipo nyumbani kwangu. Wewe ndiye uliye njiani."

"Njiani! Umesikia? Kakiri mwenyewe kwamba ni njia!"

Lorna alitaka kumpigia kelele mdogo wake. Kisha akainua macho, akaiona nyumba. Lilikuwa jua la Julai, siku ambayo mbwa wa mji walikuwa wamelala chini ya magari. Na bomba la moshi la nyumba ya Sears lilikuwa linatoa moshi.

Nani anawasha moto Julai?

Hakuita mtu. Aliuzunguka ukuta wa mawe, akaruka mahali ulipobomoka, akachana sketi, akavuka bustani mbio. Mlango wa baraza ulikuwa wazi. Sebuleni palikuwa kimya, na ukutani, katika fremu ya dhahabu, ilitundikwa bandari yao: ngome, mizinga, vina vya maji. Bila njia.

Chini yake, kwenye meko ya kuotea moto, moto ulikuwa unalamba karatasi.

Lazima ujue, msomaji, kwamba karatasi za zama zile zilitengenezwa kwa vitambaa. Haziungui kama gazeti. Zinajikunja, zinanuka, zinabisha. Ramani ilikuwa imejiviringa kwenye makaa, na kipande kikubwa kilikuwa bado cheupe.

Lorna aliingiza mkono motoni.

Alipiga yowe, nalo lilisikika hadi getini. Lakini hakuachia. Aliivuta hadi sakafuni, akaikanyaga kwa viatu vyake vya maktaba, akapiga magoti juu yake, akaifungua kwa vidole vilivyoanza kuvimba.

Kulikuwa na nusu ya ua la dira, ile alama ya kuonyesha kaskazini. Kulikuwa na namba chache za kina, na upande mmoja wa merikebu. Bahari tu. Nchi kavu yote, na ngome, na diko, na njia, vilikuwa jivu.

"Unachafua zulia langu," ilisema sauti mlangoni.

Sears alikuwa amesimama pale, anahema kidogo kwa kukimbia. Everett alikuwa nyuma yake. Kwa pupa ya kukimbilia yowe, Sears alikuwa ameliacha geti bila kufuli.

"Umeichoma," Lorna alisema. "Miaka yote hiyo imepita kwenye vita, kwenye mafuriko, kwenye panya. Watu walioijenga ngome hii wamekufa, waliopigana hapa wamekufa, karatasi imebaki. Wewe ukaichoma ili watu wasipite uani kwako?"

"Nilikuwa nachoma takataka zangu, kwenye meko yangu. Wewe umevunja nyumba ya mtu." Aliutazama mkono wa Lorna. "Ukamwone daktari. Na mje kikaoni kwa wakati, tafadhali. Nisingependa kushinda bila ninyi kuwepo."

Everett alimwendea. Lorna alimkamata mkanda wa suruali kwa mkono uliobaki mzima.

"Sio hapa," alimwambia. "Ndicho anachokitaka."

Nje, Everett alimfunga mkono kwa leso yake.

"Lile nililolisema kuhusu hereni..."

"Endesha gari," Lorna alisema.

Ukumbi wa mji ulijaa hadi kwenye madirisha. Wavuvi walikuja na mabuti yao, wake zao walikuja na hasira zao. Wageni wa majira ya joto, majirani wa Sears, walikaa upande wa pili wakijipepea. Kitini aliketi mwenyekiti Hollis Alley, nahodha mstaafu wa kivuko, mtu ambaye hajawahi kuonekana akicheka wala kupendelea.

Wakili wa Sears alianza. Aliisimamisha ramani yenye fremu ya dhahabu kwenye kiti, watu wote waione.

"Imechapwa London, enzi za mfalme. Ngome ipo. Mizinga ipo. Hata mwamba unaofunikwa na maji upo. Mtu aliyechora mwamba usioonekana angeacha kuchora barabara? Hakuna njia, waheshimiwa, kwa sababu haikuwepo."

Hollis aligeuka. "Lorna. Una kitu, au una kelele tu?"

Lorna alisimama. Alikuwa amekibeba kitabu kutoka maktaba kwa kukifunga kwenye shuka, na mkono ulikuwa unamwaka moto. Alionyesha kwanza kipande kilichoungua.

"Hiyo ni bahari," wakili alisema. "Hatugombanii bahari."

Upande wa wanaojipepea ulicheka.

Hapo Lorna alilipuka. Alikibwaga kitabu mezani hadi bilauri ya Hollis ikaruka, akakifungua kwa nguvu pale palipokatwa.

"Chekeni! Huu ndio ukingo! Uguseni! Huu ndio ulioshika bandari yetu tangu kabla hamjajua kuna mahali panaitwa Maine. Mmenunua ufuko, mmenunua msitu, mmenunua nyumba za wazazi wetu mkazifunga miezi tisa ya mwaka. Sasa mnachoma hata karatasi iliyotuandika? Mwizi wenu amekaa kwenye ngazi za Thelma anasubiri pingu, amesema yote! Muulizeni Sears kwa nini anaota moto mwezi wa saba!"

"Matusi sio ushahidi," wakili alisema.

Ukumbi ulinguruma. Hollis aligonga meza, akagonga tena. Kisha akainama juu ya kitabu, akakunja uso.

"Lorna. Kitabu hiki ni kichafu hivi siku zote?"

"Kichafu wapi?" Lorna alihamaki. Kwa mtunza ramani hilo ni tusi. "Kitabu changu hakina uchafu!"

"Hapa. Huu upande wa pili."

Aliangalia. Kando ya ukingo uliokatwa, kulikuwa na mgongo mweupe wa ramani nyingine. Hakuwahi kuutazama sana. Nani hutazama mgongo wa karatasi wakati bandari yake imelala usoni? Lakini jua la alasiri lilikuwa limeingia ubavuni kupitia dirisha refu, likatambaa juu ya karatasi. Na karatasi ile haikuwa tupu.

Ilikuwa na kivuli. Chepesi, cha rangi ya kutu.

Lorna alielewa. Wino wa mafuta hutoa jasho. Ukurasa ukilala kifua kwa kifua na mwenzake muda mrefu vile, humwachia sura yake.

Sura ilikuwa kinyumenyume tu.

"Kioo!" Lorna alipiga kelele. "Nani ana kioo? Upesi!"

Thelma alikuwa ameingia muda huo huo, baada ya kumkabidhi Prentiss kwa polisi. Alichakura mkoba wake, akatoa kioo cha poda, akampa mtu wa mbele, nacho kikapita mkono kwa mkono hadi mezani.

Lorna alikisimamisha kando ya karatasi. Everett akaja kumsaidia kukishika. Hollis Alley alivaa miwani, akainama hadi pua ikakaribia kugusa.

Watu wa nyuma walipanda juu ya viti.

"Naona ngome," Hollis alisema polepole. "Naona mizinga. Naona..." Alisogeza kioo kidogo. "Naona mistari miwili inatoka mjini, inapita chini ya ngome, inaishia majini. Na kuna maandishi."

"Yasome," Lorna alisema.

"'Njia ya watu wote kwenda dikoni.'"

Sijui nikuelezeje sauti iliyotoka ukumbini pale. Mabuti yalikanyaga sakafu. Kuna mzee alitupa kofia, haikuonekana tena.

"Kivuli sio ramani!" wakili alipiga kelele juu ya kelele.

"Kivuli cha nini basi, bwana wakili?" Hollis aliuliza. "Kitu kisichokuwepo kinatoa kivuli?" Aliwageukia wajumbe wenzake. "Sheria ya mji huu ninaijua tangu nikiwa kijana. Njia ikishawahi kuwa ya umma, ni ya umma hadi umma wenyewe useme basi. Nani anakubali geti liondolewe?"

Mkono mmoja uliinuka, ukafuatwa na mwingine, hadi hapakuwa na mkono uliobaki chini.

Everett alimkumbatia dada yake, akamwinua juu. Alikuwa analia waziwazi, jitu lile, na alikuwa akisema kitu kuhusu supu. Lorna alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, akiwa ameinua mkono wake uliofungwa ili usiguswe.

Kutoka juu kule, juu ya vichwa vya watu, aliona kiti cha Whitlock Sears.

Kilikuwa kitupu.

Kisha wote wakasikia sauti. Ilitoka rasini, ikapanda na upepo kupitia madirisha yaliyo wazi: mngurumo wa injini nzito, halafu mlio wa jiwe linalopasuka.

"Diko," Thelma alisema. "Mungu wangu. Analivunja diko!"

Mji mzima ulimiminika nje. Walikimbia mlimani, wakapita kwenye geti lililoachwa wazi, wakateremka njia ile ambayo sasa ilikuwa yao kwa sheria, na chini, kwenye mawe ambako vizazi vilikuwa vikipandishia boti, lilisimama tingatinga la manjano. Kijiko chake kilikuwa kimeshang'oa ukingo mmoja. Sears alisimama pembeni, fulana yake nyeupe imejaa vumbi.

"Njia mmeipata!" alipaza sauti. "Baraza limetoa njia! Halijasema itaishia wapi! Kijana, endelea!"

Kijiko kilipanda.

Everett alikuwa mbali nyuma, amebanwa na umati. Aliyekuwa mbele ni Lorna. Hakufikiri. Aliruka juu ya mawe, akasimama katikati ya diko, chini kabisa ya yale meno ya chuma, akainua mkono wake wenye leso.

"Zima!" alipiga kelele. "Zima hilo dude, mtoto wa nani wewe? Zima!"

Injini ilishuka sauti. Dirisha la tingatinga lilifunguliwa, dereva akatoa kichwa, akavua kofia ya kazi.

Lorna alishusha mkono.

Ndevu zilikuwa mpya. Macho yalikuwa yale yale. Alikuwa Caleb, mwanawe wa pekee, aliyeondoka Port Amory bila kuaga siku ya mazishi ya baba yake, na ambaye tangu siku ile hakuwahi kupiga simu wala kupokea.

"Ondoka hapo, Mama," Caleb alisema.

"Umetoka wapi wewe?"

"Nimesema ondoka. Sikujua kama utakuwepo."

"Na ungejua?"

Caleb alimtazama Sears, na Sears akaitikia kwa kichwa taratibu, mara moja, kama mtu anayemkumbusha mwenzake ahadi. Uso wa kijana ukawa mgumu. Alivaa kofia, akafunga dirisha.

Injini ilinguruma upya.

Nyuma, watu walikuwa wanapiga kelele, na sauti ya Everett ilikuwa juu ya zote. Lorna hakugeuka. Alikunja sketi yake iliyochanika, akaketi juu ya mawe.

"Basi anzia kwangu," alisema.

Na kijiko kikaanza kushuka.